Lindau na Shinkolobwe



Baada ya vita vya pili vya dunia, wataalamu wa Ujerumani walikuwa wametengwa na wenzao. Mwaka 1951, huko Lindau, kando ya ziwa Konstanz, madaktari wawili, Franz Karl Hein na Gustav Parade, wakisaidiwa na Lennart Bernadotte, waliwakaribisha washindi 7 wa tuzo ya Nobel. Tangu 1953 wanafunzi nao walialikwa, na baadaye watafiti vijana wa nchi nyingi. Tiba, fizikia na kemia hupokezana zamu. Miaka mingine, kama 2015, zote tatu hukutana pamoja.

Mkutano wa 1955 uligusa pia dhamiri. Katika kisiwa cha Mainau, wataalamu 18, wakiongozwa na Otto Hahn na Max Born, waliyaonya mataifa juu ya silaha za nyuklia. Hahn mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliogundua kwamba kiini cha uraniamu hupasuka.

Kwetu Wakongomani hiyo si habari ya mbali. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Ndugu zetu walichimba. Walipoamua wakubwa, hawakuulizwa.

Basi, tunapochangia malipo ya masomo ya kijana wa parokia, tusitake diploma tu. Tumfundishe kuketi na wenye elimu nyingine, kuwasikiliza, na kuuliza mbele yao bila woga: kazi hii itamfaa nani, na itamuumiza nani?