Kiki ya Dinosaria: Conan Doyle Alivyowapiga Chenga Mabingwa wa Mazingaombwe

Siku hizi klipu ya ajabu ikitua kwenye grupu la WhatsApp, swali la kwanza ni moja tu: hii kweli au AI? Mnaweza kudhani swali hilo limeanza juzi. Kumbe zaidi ya miaka 100 iliyopita liliwakaba koo watu ambao kazi yao yenyewe ilikuwa kudanganya macho ya wenzao.

Ilikuwa tarehe 2 Juni 1922, New York, ndani ya hoteli ya McAlpin. Chama cha wanamazingaombwe wa Marekani kilikuwa na dhifa yake ya mwaka. Rais wa chama alikuwa Harry Houdini, yule jamaa aliyekuwa anafungwa minyororo na pingu, anatumbukizwa majini, halafu anatoka mzima. Mgeni wa heshima alikuwa Sir Arthur Conan Doyle kutoka Uingereza, mwandishi aliyempa dunia Sherlock Holmes. Wenyeji wakaonyesha viinimacho vyao, watu wakapiga makofi. Ilipofika zamu ya mgeni, mzee akasema ana filamu fupi ya kuwaonyesha, ila asiulizwe chochote kuhusu ilikotoka. Taa zikazimwa.

Kwenye kitambaa cheupe wakatokea dinosaria. Wanatembea, wanatafuna majani, wanapigana hadi mmoja anaanguka. Ukumbi mzima ukabaki mdomo wazi. Kumbuka hao ni watu ambao ukiwatolea sungura kwenye kofia wanakucheka, wanajua sungura alikuwa wapi. Kwa hawa dinosaria hakuna aliyejua kamba imefungwa wapi. Asubuhi yake habari ikawa ukurasa wa mbele wa New York Times, na mwandishi wa gazeti hakuthubutu kuweka shingo yake rehani. Alichosema ni kwamba kama wanyama wale ni bandia, basi ni kazi ya hali ya juu mno.

Doyle akamwandikia Houdini barua kukiri kwamba ulikuwa utani. Picha zile zilikuwa majaribio ya filamu iliyokuwa inatengenezwa kutokana na kitabu chake, The Lost World, alichokitoa mwaka 1912. Kwa lugha ya leo mzee alikuwa amepiga kiki, tena kiki kali, kwa muvi ambayo ingeingia sinema karibu miaka mitatu baadaye.

Ila kuna kitu kinachekesha, na pia kinatia huruma. Mwaka huohuo wa 1922 Doyle alichapisha kitabu kizima kutetea picha za wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley, Uingereza, waliodai wamepiga picha na vijimalaika vyenye mabawa kando ya kijito. Yeye aliamini kabisa. Mwaka 1983, wasichana wale wakiwa bibi wazee, walikiri kwamba vile viumbe vilikuwa michoro ya karatasi iliyosimamishwa kwa pini za kofia. Yaani mtu aliyewapiga chenga mabingwa wa New York alikuwa mwenyewe ameshapigwa chenga na watoto wawili wenye mkasi. Ukitaka kuamini kitu, akili yako ndo inafanya kazi yote, mdanganyifu anakaa tu.

Sasa, dinosaria wale walitengenezwaje? Mchawi alikuwa Willis O'Brien, mtu aliyewahi kuwa mchora katuni za gazeti na mchonga mawe kabla ya kuangukia filamu. Njia yake ni rahisi kuieleza na ni mateso kuifanya. Unaweka mwanasesere mbele ya kamera, unapiga fremu moja. Unasogeza mguu kidogo sana, shingo kidogo, mkia kidogo, unapiga nyingine. Filamu za wakati ule zilihitaji kama fremu 16 kwa sekunde moja, kwa hiyo dakika moja ya dinosaria anayetembea ni karibu mara elfu moja ya kuinama, kusogeza na kurudi nyuma ya kamera. Ukisahau mguu mmoja, ni majanga. Wakigombana wanyama wawili, kazi mara mbili.

Wanasesere wenyewe waliundwa na kijana mwenye asili ya Mexico aitwaye Marcel Delgado. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vyakula kwa dola 18 kwa wiki huku akisoma sanaa, na darasani ndo alikutana na O'Brien. O'Brien akamtajia dola 75 kwa wiki. Dogo akakataa! Alitaka kuwa msanii wa kweli, si fundi wa midoli. O'Brien akambembeleza, mwisho akamwalika studio kutembea tu, akamfungulia chumba chenye vifaa vyote na picha za dinosaria ukutani, akamwambia hiki ni chako ukikitaka. Hapo akalegea.

Na alistahili kila senti. Kila mnyama alikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vinavyopinda, juu yake misuli ya sponji na pamba, halafu ngozi ya mpira yenye mikunjo na magamba. Baadhi aliwawekea kifuko cha hewa tumboni, kikijazwa na kutolewa hewa kidogo kidogo mnyama anaonekana anahema. Ni kile kuhema kinachokushika hadi leo. Kutembea unaweza kukuchukulia kama mashine, lakini kitu kinachopumua macho yanakihesabu kuwa kiko hai.

Maumbo yao yalifuata michoro ya Charles Knight, mchoraji aliyefanya kazi na majumba ya makumbusho ya Marekani. Huku kwetu mifupa ya kweli ilikuwa inabebwa begani. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, Lindi, kwa mikono ya mamia ya wenyeji, chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani. Wapagazi walitembea kama siku nne kufikisha mizigo bandarini Lindi, na zaidi ya tani 200 zikaenda Berlin, ambako dinosaria mmoja wa Tendaguru anasimama mpaka leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Doyle alichapisha hadithi yake ya dinosaria wa Amerika Kusini katikati ya uchimbaji huo. Mwaka 1924 Waingereza nao wakaenda Tendaguru, na kwenye msafara huo alikuwemo kijana aitwaye Louis Leakey, ambaye baadaye jina lake lingefungamana na Olduvai. Hollywood na Lindi, kazi moja wakati mmoja, kila mmoja kwa njia yake.

Kiki nayo ina gharama. Jamaa aitwaye Herbert Dawley, aliyewahi kufanya kazi na O'Brien kwenye filamu fupi ya dinosaria, aliposikia habari za ile dhifa ya New York alikuja juu: mbinu hiyo ni yangu, nina hati miliki. Mawakili wakaingia kati mpaka wakamalizana.

The Lost World ikatoka Februari 1925, chini ya kampuni ya First National, mwongozaji Harry Hoyt. Wallace Beery ndo Profesa Challenger, msomi mwenye ndevu na hasira anayewarukia waandishi wa habari mwilini. Kitabu hakina mwanamke kwenye safari. Hollywood ikaona haiwezekani, ikamwingiza Bessie Love kama binti anayemtafuta baba yake aliyepotea juu ya mlima. Mwisho pia ulibadilishwa. Kwenye kitabu kinacholetwa London ni kiumbe kinachoruka, na kinatoroka dirishani. Kwenye filamu ni brontosaurus mzima, anayekatiza mitaa ya London watu wakikimbia ovyo, mpaka daraja la Tower Bridge linamshindwa uzito na yeye anatumbukia mto Thames. Hapo, bila kutia chumvi, ndo ilipozaliwa kila muvi ya jitu kubwa linalobomoa mji. King Kong, iliyotoka 1933, ilifanywa na O'Brien na Delgado haohao.

Kuna doa pia, na halifichiki. Mtumishi mweusi wa msafara, Zambo, amechezwa na Mzungu aitwaye Jules Cowles, uso umepakwa rangi nyeusi. Studio ilikuwa tayari kutumia miezi na miezi ili ngozi ya dinosaria ionekane ya kweli. Kwa ngozi ya mtu mweusi waliona rangi ya kopo inatosha.

Mashabiki walijaa. Aprili 1925 filamu hiyo ilionyeshwa hata ndani ya ndege ya Imperial Airways iliyotoka London, ikawa miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kuonyeshwa angani. Ukanda wa filamu wakati ule ulishika moto kama petroli, na ndege za wakati huo hazikuwa za kuchezea. Abiria walikuwa na roho ngumu.

Halafu ikaja sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zilianza kuongea, na zile za kimya zikageuka takataka zinazojaza stoo. Nyingi ziliyeyushwa kupata madini ya fedha yaliyokuwa ndani yake, nyingine zikachomwa. Mwaka 1929 The Lost World nayo iliondolewa sokoni na nakala zake zikaharibiwa, tena kwa ridhaa ya wenye mali. Miaka minne tu baada ya kujaza kumbi! Kilichobaki ni toleo fupi la ukanda mwembamba lililokuwa linakodishwa kwa watu wenye projekta nyumbani, ambalo sehemu kubwa ya hadithi imekatwa. Kwa miongo mingi waliosema wameiona The Lost World walikuwa wameona mabaki.

Iliyookoa jahazi ni nakala iliyokutwa kwenye hifadhi ya filamu huko Cheki. Mafundi wa George Eastman House wakaiunganisha na vipande vingine miaka ya 1990, na mwaka 1998 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa daima. Mwaka 2016 likatoka toleo refu zaidi. Leo ipo mtandaoni bure, bando lako tu.

O'Brien hakuyaona hayo. Alichokiona ni mwaka 1960, Hollywood ilipoirudia The Lost World kwa rangi na sauti. Mtayarishaji Irwin Allen alimwajiri, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya mafundi. Mzee akadhani atashika tena wanasesere wake. Bajeti ikasema hapana. Wakachukuliwa mijusi na mamba mdogo, wakabandikwa pembe na mapezi ya bandia, wakapigwa picha kwa karibu ili waonekane wakubwa, na watazamaji wakaambiwa hao ndo dinosaria. O'Brien alifariki miaka miwili baadaye.