Sindano za Kufumia na Mahali pa Kiungo

Mtu anayekusudia kununua seti mpya ya sindano za kufumia, zile ambazo ncha zake hufunguliwa na kubadilishwa juu ya kamba moja laini, aghalabu huzitazama ncha kwanza, kama ni za mwanzi, au za shaba iliyopakwa nikeli, au za mbao zilizotiwa rangi. Nami naona kwamba historia ya chombo hiki, iliyokaribia miaka elfu moja, yamtaka mnunuzi aelekeze jicho lake mahali pengine, yaani pale ncha inapokutana na kamba, ambapo kila kitanzi cha kazi hakina budi kupita.

Kabla ya ufumaji tuujuao leo, watu wa Misri walitengeneza soksi kwa sindano moja yenye tundu. Jozi moja nyekundu, iliyogawanywa mahali pa kidole gumba ili ivaliwe na makubadhi, imehifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert mjini London, nayo yakadiriwa kuwa ya kati ya mwaka 250 na 420 baada ya kuzaliwa Masihi. Katika kazi hiyo fundi alilazimika kuuvuta uzi wote kupitia kila kitanzi, na uzi ulipokwisha akaunga kipande kingine. Ufumaji wa sindano mbili au zaidi, ambao twauona katika vipande vya soksi za pamba, buluu na nyeupe, vilivyotoka Misri ya Waislamu kati ya karne ya 11 na ya 14, ulileta hali mpya kabisa: uzi mrefu usiokatwa, na vitanzi vilivyo wazi ambavyo sindano yenyewe huvishika visifumuke. Tangu hapo sindano haikuwa chombo cha kupenyeza tu, bali ilikuwa mchukuzi wa kazi nzima, na taabu zake zote za baadaye zilitokana na mzigo huo.

Ustadi huo ulivuka bahari ukafika Hispania. Katika makaburi ya wafalme yaliyomo ndani ya nyumba ya watawa ya Las Huelgas, karibu na mji wa Burgos, mlikutwa mto wa hariri uliolazwa pamoja na maiti ya mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275. Mto huo ulifumwa kwa vitanzi vinavyokaribia 80 katika kila sentimita 10, na pembezoni mwake limeandikwa kwa khati ya Kikufi neno baraka. Hariri laini namna ile haifumwi kwa kijiti kinene. Hapana shaka fundi wake alikuwa na sindano nyembamba mno, zilizonyooka na kusuguliwa kwa subira kubwa.

Subira hiyo ilipunguziwa kazi na wavutaji wa waya. Mji wa Altena nchini Ujerumani, uliopo kando ya mto Lenne, uliishi kwa biashara ya waya tangu zama za kati, na kampuni ya Selter iliyoanzishwa huko mwaka 1829 ingali inatengeneza sindano za kufumia hata leo. Waya huvutwa kupitia tundu, kisha kupitia tundu dogo zaidi, na zaidi, mpaka upatikane wembamba unaotakiwa. Na kwa kuwa hesabu ya zamani ilifuata mapito hayo, namba kubwa ilikuwa dalili ya waya mwembamba. Waingereza waliurithi mtindo huo katika sindano zao, hata namba 14 ikawa milimita 2 na namba 8 ikawa milimita 4, ilhali Wamarekani walihesabu kinyume, namba yao 8 ikiwa ni milimita 5. Mfumaji aliyerithi mchoro wa nyanya yake na asiujue mkanganyo huu huweza kumfumia mtoto sweta la kumtosha baba yake. Kwa hiyo napenda seti iliyoandikwa milimita juu ya ncha yenyewe, si juu ya mkoba wake tu.

Mzigo nao ulitafutiwa dawa kwa njia nyingi. Katika picha aliyoichora Bertram wa Minden yapata mwaka 1400 kwa ajili ya kanisa la Buxtehude, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Hamburg, Bibi Mariamu ameketi akifuma vazi la mwanawe kwa mviringo, vitanzi vimegawanywa juu ya sindano kadhaa, na pasiwe na mshono hata mmoja. Wanawake wa visiwa vya Shetland, ambao walifuma huku wakitembea na vikapu vya udongo wa kuwashia moto migongoni, walijifunga kiunoni mshipi wa ngozi uliojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu, wakachomeka humo mwisho wa sindano ya kulia, mkono ukabaki huru kwenda mbio. Nawastahi sana wanawake hao, kwa sababu walifuma ili wapate riziki, na kila dakika ya njiani ilikuwa na thamani.

Sindano ya mviringo, yenye ncha mbili ngumu na kamba katikati, ilianza kupewa hati za uvumbuzi mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo uzito wa kazi ukashuka mapajani, lakini kamba za waya wa feleji zilijikunja, na maungio yake yakawa yanakwaruza sufu. Nailoni ilipopatikana, kamba ikalainika. Baadaye ikaja ncha ya kufunguliwa kwa parafujo, na kiungo, ambacho hapo kwanza kilifungwa kiwandani mara moja kwa maisha yake yote, kikawa kitu cha kufungwa na kufunguliwa na mfumaji mwenyewe kila siku.

Basi mwenye kuchagua aombe kuifungua seti, akaze ncha kwa ufunguo wake mdogo, kisha apitishe uzi mwembamba wa hariri juu ya kiungo, kwenda na kurudi, na ukinasa hata mara moja airudishe seti hiyo. Ajue pia kwamba ncha iliyo nyembamba sana haina nafasi ya kutosha kwa parafujo iliyo imara, ndiyo sababu seti nyingi huanzia milimita 3.5, na mwenye nia ya kufuma soksi, ambazo aghalabu hutaka milimita 2 au 2.5, hana budi kununua kando sindano tano fupi za feleji, zisizo na kiungo chochote.