Nyuki wadogo wasiouma: wanavyotengeneza asali, na jinsi ya kurina bila kuwaua

Ukishuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kuelekea Ziwa Rukwa au Ziwa Tanganyika, unaingia kwenye misitu ya miyombo. Humo, kwenye shina la mti lenye uwazi ndani, unaweza kuona kijimrija cha nta kimechomoza, na nyuki wadogo kama nzi wakiingia na kutoka. Hao ndio nyuki wasiouma. Asali yao huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa, lakini namna tunavyoirina mara nyingi ndiyo inayowamaliza.

Ni nyuki gani hawa?

Mwiba wanao, ila umedumaa na hauwezi kuchoma. Wakichokozwa huingia kwenye nywele, masikio na macho, na wengine hung'ata. Wapo wa aina nyingi. Wengine hukaa ndani ya miti, wengine kwenye nyufa za kuta, na wengine ardhini, hata ndani ya vichuguu. Wadogo kabisa wana urefu wa milimita 2 hadi 3 tu.

Asali inavyopatikana

Nyuki hufyonza mbochi kwenye maua na kuubeba tumboni hadi nyumbani. Huko hupokezana mdomo kwa mdomo, maji yanapungua, na sukari yake inabadilika taratibu kuwa asali.

Hawaihifadhi kwenye masega kama nyuki wakubwa. Hujenga vyungu vidogo vya mviringo kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Asali huwekwa kwenye vyungu vyake, chavua kwenye vingine, na majana hukaa sehemu yao peke yao.

Asali hii ina maji mengi, mara nyingi asilimia 25 hadi 35, wakati ya nyuki wakubwa kwa kawaida haizidi 20. Ndiyo maana ni nyepesi, ina uchachu, na huchacha mapema. Wengi huitumia kwa kikohozi. Lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali yoyote, kwani inaweza kumletea ugonjwa hatari.

Urinaji wa kienyeji

Mrinaji hufuata nyuki kwa macho hadi kwenye mrija, hupasua shina kwa shoka, hutoa vyungu kwa mkono na kuvikamua kwenye kibuyu au ndoo. Walio ardhini huchimbwa kwa jembe. Wapo wanaokata mti mzima. Kisha tundu huachwa wazi, na siafu humaliza kilichobaki.

Nyuki wakubwa wakibughudhiwa wanaweza kuhama. Hawa wadogo ni vigumu, kwa sababu malkia akishaanza kutaga tumbo lake huvimba na hawezi kuruka tena. Ukivunja nyumba yake, kundi zima linakwisha, na mwakani hakuna asali.

Jinsi ya kurina na kuwaacha hai

• Usikate mti. Toboa tundu dogo usawa wa vyungu vya asali.
• Usiguse majana. Kila yai limefungiwa na chakula chake. Ukipasua, mtoto amekufa.
• Acha sehemu ya asali na chavua yote. Mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili, na siku ya mvua nyuki hawatoki kutafuta chakula.
• Ziba tundu kwa kipande cha mti na udongo wa mfinyanzi, usibaki upenyo wa siafu. Mrija wao uache wazi.
• Chuja asali kwa kitambaa safi na uiweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Kilimanjaro wapo wanaowafuga kwenye magogo yaliyochongwa uwazi ndani na kutundikwa chini ya paa la nyumba. Hata sisi, tawi lenye nyuki likianguka shambani, tunaweza kukata kipande hicho, kukiziba pande zote mbili na kukitundika kivulini. Kundi moja halitoi asali nyingi, lakini likitunzwa hutoa tena msimu ujao.