Mkataa kwao mtumwa, je aliyekataliwa na kwao? Safari za Josephine Baker za kurudi nyumbani

Kila ikitajwa stori ya msanii aliyekwenda ughaibuni hakosi mtu wa kurusha methali: mkataa kwao mtumwa. Mtu akikaa mamtoni miaka miwili akarudi na lafudhi mpya, basi keshasahau kwao. Sikatai, wapo wa hivyo. Ila leo nawaletea dada ambaye methali hiyo ilimkuta imepinduliwa. Aliondoka hana kitu, akapata jina kubwa kuliko wengi waliobaki, akarudi kwao si mara moja, na kwa muda mrefu kila akipiga hodi mlango ulifunguliwa nusu. Anaitwa Josephine Baker. Nimepanga mambo kwa miaka ili siku ubishi ukizuka kijiweni uwe na pa kushika.

KWANZA, KABARE NI NINI?

Kabare ni onyesho la usiku la ukumbini au klabu. Watu wamekaa mezani wanakula na kunywa, jukwaani kuna kuimba, kudansi na vichekesho. Mwimbaji wa kabare hasimami tu kuimba. Anaongea na watu, anawatania, anacheza, anabadilisha nguo mara kibao. Paris ya miaka ya 1920 ilikuwa moja ya miji mikubwa ya kazi hiyo.

ALIKOTOKA

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1906 mjini St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Jina la kuzaliwa ni Freda Josephine McDonald. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, na yeye mwenyewe alianza utumishi wa ndani kwenye nyumba za wazungu akiwa bado mtoto mdogo kabisa. Akiwa na miaka 13 alishaolewa. Ndoa ya pili, mwaka 1921, ndiyo iliyompa jina la Baker, na jina hilo hakuliacha tena.

Julai 1917, wakati ana miaka 11, wazungu waliwavamia watu weusi mji wa jirani wa East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, waliobaki wakakimbilia upande wa St. Louis. Shikilia hapo, tutarudi.

Baadaye akaingia kwenye makundi ya maonyesho ya weusi, akafika New York. Alikuwa anakaa mwisho wa mstari wa wacheza dansi akifanya vituko, anapindisha macho, anakosea hatua makusudi. Watu wakawa wanamwangalia yeye tu.

PARIS, 1925

Tarehe 2 Oktoba 1925, akiwa na miaka 19, alipanda jukwaa la Théâtre des Champs-Élysées katika onyesho la La Revue Nègre. Mji ukalipuka. Mwaka uliofuata akawa Folies Bergère na ile sketi maarufu ya ndizi za bandia. Mwaka 1930 akaingia Casino de Paris na kuimba J'ai deux amours, yaani Nina Mapenzi Mawili, wimbo uliokuwa kama kitambulisho chake mpaka kufa. Katikati hapo alizunguka nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kusini.

Jamani, msidhani Ufaransa ilikuwa pepo. Sketi ya ndizi ilitokana na picha aliyokuwa nayo mzungu kichwani kuhusu Mwafrika wa porini, na Ufaransa hiyo hiyo ilikuwa inatawala makoloni Afrika. Josephine hajawahi kuzaliwa porini, ni mtoto wa mjini. Ila Paris alikuwa anaingia mgahawani, anakaa, anahudumiwa. Kwao hilo lilikuwa ndoto.

KURUDI KWA KWANZA: 1935 HADI 1936

Miaka kumi baada ya kuondoka akapata mwaliko wa onyesho kubwa la New York, Ziegfeld Follies, pamoja na mastaa kama Fanny Brice na Bob Hope. Alifika mwishoni mwa 1935 akidhani sasa ni malkia anarudi. Kwenye hoteli aliyofikia akaambiwa asipite mlango wa mbele. Huyo ndiye ambaye Paris watu walikuwa wanapanga foleni kumwona!

Onyesho lilifunguliwa Januari 1936, na magazeti yakamchana. Jarida la Time lilimtaja kwa maneno ya kibaguzi kabisa. Waliona anajifanya Mfaransa. Ndiyo mateso ya anayerudi hayo: kule alipendwa kwa kuwa ni Mmarekani mweusi, huku wakamsema kwa kuwa kageuka wa kule. Akarudi Paris. Tarehe 30 Novemba 1937 akaolewa na Mfaransa Jean Lion, akachukua uraia wa Ufaransa.

Sasa mwenye methali aseme, hapo nani kamkataa mwenzake?

VITA

Ilipokuja Vita ya Pili ya Dunia alifanya kazi na majasusi wa Ufaransa dhidi ya Wajerumani. Ustaa ukawa pasipoti yake. Alipita mipakani na mizigo ya nguo za jukwaani, na kwenye karatasi za nota za muziki kulikuwa na taarifa za siri zilizoandikwa kwa wino usioonekana. Nani angempekua Josephine Baker wakati maofisa wenyewe wanagombea saini yake? Baada ya vita alipewa nishani kadhaa za Ufaransa.

KURUDI KWA PILI: 1951 HADI 1952

Safari hii alikuja na masharti, manake alishajifunza. Ukumbi unaobagua watazamaji, haimbi. Mwanzoni mwa 1951 klabu ya Copa City, Miami Beach, ilikubali, weusi na weupe wakakaa ukumbi mmoja. Kwa Miami ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Tarehe 20 Mei 1951 chama cha NAACP, kinachopigania haki za weusi, kikaifanya siku hiyo kuwa Siku ya Josephine Baker, na Harlem ikafurika watu.

Halafu ikaja tarehe 16 Oktoba 1951. Alikwenda na marafiki kwenye klabu ya Stork, New York, sehemu ya wakubwa na mastaa. Akaagiza nyama. Wakasubiri, wakasubiri, muda mrefu ukapita hakuna kitu. Josephine hakunyamaza, akalalamika hadharani. Mwandishi maarufu Walter Winchell, ambaye usiku huo alikuwepo klabuni, akamgeuka na kuanza kumwandika kuwa anawaunga mkono wakomunisti. Marekani ya wakati ule ukipakwa tope hilo umekwisha. Mikataba ikavunjwa, FBI wakamfungulia jalada.

Lakini kabla hajaondoka kulikuwa na deni moja. Tarehe 3 Februari 1952 alisimama Kiel Auditorium, St. Louis, mji aliozaliwa, karibu miaka 30 tangu aondoke. Watu wa rangi zote walikaa pamoja. Hakuimba tu, alihutubia, na akaanza na lile la 1917: mtoto anaona anga jekundu kwa moto ng'ambo ya mto na watu wanakimbia kuokoa roho zao. Alisema tangu siku hiyo hofu ile haikumtoka.

Hapo ndo nilipomwelewa mimi. Wengine wakirudi kwao wanaleta magari na manukato. Yeye alileta kumbukumbu ambayo wenyeji wengi wangependa isahaulike. Ndiyo maana wanaorudi wakati mwingine hawapendwi.

KURUDI KWA TATU: 28 AGOSTI 1963

Baada ya hapo kuingia Marekani kukawa kwa shida. Ilibidi Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, asaidie kwenye viza ili aje kwenye maandamano makubwa ya Washington, yale ya Martin Luther King. Walikuwepo watu kama 250,000. Alikuwa na miaka 57, na hakuvaa manyoya wala vito. Alivaa sare ya jeshi la Ufaransa Huru na nishani zake kifuani. Aliwaambia kwamba ameingia kwenye majumba ya wafalme na marais, lakini kwao Marekani alishindwa kuingia hotelini kupata kikombe cha kahawa.

KURUDI KWA MWISHO: 1973

Katikati maisha yalimchapa. Alikuwa amelea watoto 12 wa kuasili wa mataifa mbalimbali kwenye jumba lake la Milandes, Ufaransa, madeni yakamzidi, na mwaka 1969 akatolewa. Princess Grace wa Monaco ndiye aliyemsaidia kupata pa kukaa.

Juni 1973 akaalikwa Carnegie Hall, New York. Ana miaka 67. Kumbukeni 1936 ilivyokuwa, mji ni huo huo. Anasemekana alikuwa na wasiwasi kweli. Akatokea jukwaani, na kabla hajaimba hata neno moja ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Akalia mbele za watu. Miaka 37 kati ya usiku ule na huu!

Tarehe 12 Aprili 1975 alifariki Paris, siku chache baada ya kufungua onyesho jipya la kutimiza miaka 50 ya kazi yake. Alizikwa Monaco.

MNAONAJE?

Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimpa heshima ya Panthéon, mahali pa mashujaa wake wakubwa. Ni mwanamke wa kwanza mweusi kuingizwa humo. Mwili ulibaki Monaco, na jeneza lililobebwa siku ile lilikuwa na udongo wa sehemu nne alizoishi: Paris, Milandes, Monaco na... St. Louis.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Josephine hakukataa kwao. Alikataa kupitia mlango wa nyuma wa kwao, na hayo ni mambo mawili tofauti. Hata alipokuwa na pasipoti ya nchi nyingine aliendelea kurudi kugombana na nyumbani, na mtu hagombani hivyo na kitu asichokipenda. Wahenga wana nyingine: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yeye alirejea hata kama udongo.

Kwa hiyo siku nyingine msanii wetu akirudi, kabla hatujamrushia methali tujiulize tulimwagaje siku anaondoka, na mlango gani tunamfungulia leo. Nawasilisha. Anayebisha karibu kwenye maoni hapo chini, ila kwa hoja, matusi hapana.