Frasila Mbili: Safari Ndefu ya Sanduku

Henry Morton Stanley alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871, akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone. Kabla ya kumtafuta mtu, ilimbidi ajifunze kufungasha. Alizunguka madukani kununua vitambaa vya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali na koili za waya, maana huko bara hakukuwa na sarafu ya kununulia chakula wala ya kulipia hongo, ushuru waliotozwa wapita njia na wenye nchi. Vitu vyote vilipokusanywa vilikaribia ratli 11,000. Akapiga hesabu: mtu mmoja habebi zaidi ya ratli 70, kwa hiyo alihitaji watu karibu 160.

Ratli 70 ni kilo 32 kasoro robo.

Yeyote aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, moyo ukimdunda huku tarakimu za mizani zikipanda, anaijua namba hiyo. Kwa mashirika mengi ya ndege, begi la abiria wa daraja la kawaida halitakiwi kuzidi kilo 23, yaani ratli 50. Wa madaraja ya juu, au anayekubali kulipia ziada, anaweza kufika kilo 32. Likivuka hapo, kwa kawaida fedha hazisaidii tena: vitu vipunguzwe, au mzigo ugawanywe mara mbili. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya injini ya ndege. Kimewekwa kwa ajili ya mgongo wa mpakizi, ambaye kwenye ndege ndogo kama Boeing 737 hufanya kazi akiwa amepiga magoti, kwa sababu tumbo la ndege halina nafasi ya mtu mzima kusimama.

Stanley hakukibuni kipimo chake. Alikikuta. Pwani yote ya Afrika Mashariki, pembe za ndovu, shanga na karafuu zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa takriban ratli 35. Mzigo wa mpagazi ulihesabiwa kuwa frasila mbili. Wenye misafara wa Bagamoyo na wapakizi wa viwanja vya ndege hawakuwahi kukaa kikao kimoja, lakini walifikia namba ileile kwa kuwa walikuwa wakipima kitu kilekile: mwili wa binadamu.

Ukitaka kujua kwa nini mizigo ilibebwa na watu, muulize mbung'o. Katika sehemu kubwa ya njia kati ya pwani na maziwa makuu, mdudu huyo aliua ng'ombe, farasi na punda kwa ugonjwa wa nagana. Gari la kukokotwa halikuwezekana bila mnyama wa kulikokota, na njia zenyewe zilikuwa vijia vya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Zikabaki nguvu za watu, hasa vijana wa Kinyamwezi, ambao kwao safari ya kwenda pwani na kurudi ilikuwa sehemu ya kukua. Kijana asiyeiona bahari alionekana bado mtoto.

Kazi ilikuwa na ufundi wake. Watu wa pwani walipenda kubeba kichwani, juu ya ngata. Wanyamwezi walipendelea bega, na mizigo yao ya nguo ilifungwa kwa miti ili isimame vizuri njiani. Furushi hilo la nguo liliitwa mtumba, neno ambalo leo limehamia kwenye marobota ya nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani. Mzigo uliomshinda mtu mmoja ulining'inizwa kwenye mti na kubebwa na wawili kwa mtindo wa mzegazega. Pembe kubwa ya ndovu ilikuwa na heshima ya pekee, na ncha yake ilifungwa kengele, hivyo kijiji kiliusikia msafara kabla ya kuuona. Juu ya mzigo wa tajiri, kila mpagazi aliongeza vya kwake: mkeka, chungu, chakula, silaha. Hilo ndilo lililokuwa begi lake la mkononi.

Na wapagazi walijua kipimo chao. Asubuhi ya kugawana mizigo ilijaa kelele, kila mmoja akinyanyua furushi, akilipima kwa mikono na kulikataa likimwelemea. Mnyampara aliyejaribu kupenyeza ratli kumi za ziada alihatarisha kuamka kesho yake na kukuta mzigo upo, mbebaji hayupo.

Wakati huohuo kulikuwa na sanduku la aina nyingine kabisa. Kasha, lile la mbao nzito lililopambwa kwa misumari na bamba za shaba, lilifika Unguja, Lamu na Mombasa kwa majahazi kutoka India, na hadi leo wauzaji wa vitu vya kale huyataja makasha kwa asili zake: la Surat, la Bombay, la Malabar. Ndani lilikuwa na saraka, nyingine za siri, za kuwekea dhahabu na hati. Likishateremshwa na kufikishwa nyumbani, kasha halikusafiri tena. Lilikaa chumbani likisubiri arusi na mirathi.

Ulaya nayo ilikuwa na masanduku yake mazito. Masanduku ya magari ya farasi yalikuwa na kifuniko cha mviringo, ili maji ya mvua yateremke. Mwaka 1858 Louis Vuitton, fundi aliyefungua duka Paris miaka minne kabla, alitoa sanduku lenye kifuniko bapa, lililofunikwa turubai. Badiliko lilionekana dogo, ila liliendana na zama: ndani ya behewa la treni na meli ya mvuke masanduku hayanyeshewi, bali hupangwa moja juu ya jingine. Kilo zake hazikumsumbua mnunuzi. Tajiri wa Paris hakubeba sanduku lake mwenyewe, kama ambavyo Stanley hakubeba merikani yake.

Afrika Mashariki reli ilianza kumpokonya mpagazi kazi. Ile ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Kati ya Wajerumani ilitoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1914 vita vikazuka, na mpagazi akaitwa tena, safari hii mara nyingi kwa nguvu. Majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikimbizana porini, mbali na reli, na chakula na risasi zao vilipanda vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi hao Carrier Corps. Baada ya kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, walikiwekea kambi mjini, na wenyeji wakalitamka jina kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nayo ikapata Kariokor. Kambi ya Dar es Salaam ikageuka soko. Jengo la soko linalojulikana leo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Kwa hiyo Mtanzania anayekwenda Kariakoo kununua begi la safari analinunua mahali palipopewa jina na wabeba mizigo.

Ndege ilileta nidhamu mpya. Februari 1931 Imperial Airways ilifungua njia kutoka Croydon, London, hadi Mwanza, na miaka michache baadaye ndege zake za majini zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Katika ndege za zama hizo kila ratli ilihesabiwa, na abiria mwenyewe alipandishwa kwenye mizani pamoja na mizigo yake. Masanduku ya Paris hayakuwa na nafasi. Sanduku likaanza kutafuta wepesi, na mfano ukatoka kwenye ndege yenyewe. Mhandisi Hugo Junkers alikuwa ameunda ndege ya F 13 mwaka 1919 kwa mabati yenye mikunjo, membamba lakini magumu. Huko Cologne, kampuni ya Rimowa ilianza kutengeneza masanduku ya alumini mwaka 1937, na mwaka 1950 ikayapa mikunjo kama ya ndege zile. Marekani, Jesse Shwayder, aliyeanzisha kiwanda chake mjini Denver mwaka 1910, alijivunia uimara: alipiga picha ya tangazo akiwa na baba yake na ndugu zake watatu, wote watano wamesimama juu ya ubao uliolazwa kwenye sanduku moja. Bidhaa zake zilibeba jina la Samsoni wa kwenye Biblia, na kampuni hiyo leo inaitwa Samsonite.

Jambo moja halikushughulikiwa na yeyote kati yao, nalo ni magurudumu. Gurudumu ni la kale kuliko vitabu, na sanduku limekuwepo karne nyingi, lakini viwili hivyo vilichelewa kuoana kwa sababu aliyenunua sanduku hakuwa aliyelibeba. Stesheni za Marekani zilijaa wachukuzi wa kofia nyekundu, wengi wao Wamarekani weusi. Za Ulaya nazo zilikuwa na wachukuzi wake. Maadamu mchukuzi alipatikana kwa senti chache, nani angeumiza kichwa?

Mwaka 1970 Bernard Sadow, kiongozi katika kampuni ya masanduku huko Massachusetts, alikuwa akirudi na familia yake kutoka likizo kisiwani Aruba, masanduku mawili makubwa mikononi. Kwenye forodha akamwona mfanyakazi akisukuma mashine nzito kwenye jukwaa la magurudumu, bila jasho. Aliporudi kazini alichukua magurudumu manne, akayafunga chini ya sanduku, akaweka mkanda wa kuvutia. Maduka ya New York yalimkatalia moja baada ya jingine, yakisema mwanamume hawezi kuonekana akiburuta sanduku. Macy's ndilo lililokubali. Hataza yake ilitolewa Aprili 1972.

Sanduku la Sadow lilivutwa kwa kamba kama mbuzi mkaidi, na kwenye kona lilipenda kuanguka ubavu. Tiba ilitoka kwa aliyebeba mzigo wake mwenyewe siku zote. Mwaka 1987 Robert Plath, rubani wa Northwest Airlines, alisimamisha begi wima, akalipa magurudumu mawili na mpini unaochomoka na kurudi ndani. Alianza kwa kuwauzia marubani na wahudumu wenzake. Abiria waliowaona wakikatiza ukumbini, begi likiwafuata nyuma, nao wakataka.

Kwa Waafrika wengi, hata hivyo, begi la safari lilikuwa halina gurudumu hata moja. Mwanafunzi wa bweni alikwenda shule na tranka la bati lililogongwa na mafundi wa mtaani, jina lake limeandikwa kwa rangi juu ya kifuniko. Msafiri wa basi alibeba ule mfuko wa plastiki uliofumwa kwa miraba, unaomeza nyumba nzima. Nigeria waliupa jina la Ghana Must Go, ukumbusho wa mwaka 1983, serikali ya huko ilipowafukuza wahamiaji wasio na vibali, wengi wao Waghana. Tanzania wakauita shangazi kaja. Jina moja lina machozi ya kufukuzwa, jingine lina shangwe za watoto wanaokimbilia mlangoni kuona wameletewa nini.

Leo mnunuzi wa Kariakoo huchagua kati ya ganda gumu na kitambaa. Magumu yaliyo mengi ni ya ABS, plastiki ya bei nafuu ambayo ikipigwa hupasuka, au ya polikaboneti, ambayo hubonyea kisha ikarudi. Mnunuzi mjuzi hulikandamiza ganda kwa kiganja katikati na kusikiliza. Huivuta zipu mzunguko mzima, hasa kwenye kona. Huupandisha mpini hadi juu na kuutikisa: ukicheza dukani, utakatika uwanjani. Kisha hulipima begi tupu. Begi kubwa lenye kilo 5 limekwisha kula zaidi ya moja ya tano ya kilo 23, na kilo hizo zinatolewa kwenye dagaa, unga wa muhogo na khanga anazopelekewa dada aliyeko Muscat au Leicester. Magurudumu manne ni raha kwenye vigae vya uwanja wa ndege. Kwenye barabara ya mchanga na kokoto, mawili makubwa yanayozama nusu ndani ya ganda hudumu zaidi.

Begi lenyewe limekwishasafiri kabla ya kununuliwa. Hutoka China ndani ya kontena, kubwa likiwa limemeza la kati, la kati likiwa limemeza dogo, ili kuokoa nafasi. Lori la kontena haliwezi kupenya vichochoro vya Kariakoo, basi hushushia pembeni. Kutoka hapo masanduku ya magurudumu manne humaliza safari yake hadi dukani yakiwa yamefungwa kamba kwa mafungu, kichwani mwa mchukuzi.