Mkono Ukikatwa, Ubongo Hausahau

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1797, Horatio Nelson wa jeshi la majini la Uingereza alipigwa risasi wakati akishuka pwani kuushambulia mji wa Santa Cruz, kisiwani Tenerife. Mfupa wa mkono wake wa kulia ulivunjikavunjika juu ya kiwiko. Akarudishwa melini, na mkono ukakatwa usiku uleule, zama ambazo nusukaputi ilikuwa bado haijajulikana. Kidonda kilikuja kupona, lakini inasimuliwa kwamba Nelson aliendelea kuvihisi vidole vya mkono ule. Akaamini kuwa huo ni ushahidi wa kuwapo kwa roho: ikiwa mkono unaweza kubaki hai baada ya kukatwa, kwa nini mtu mzima asibaki hai baada ya kufa?

Waliokatwa viungo walikuwa wakiyasema hayo tangu zamani. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji aliyewatumikia wafalme wa Ufaransa na kuwatibu askari vitani, aliandika kuhusu watu wanaoumwa na mguu ambao haupo tena. Mwaka 1644 mwanafalsafa René Descartes alieleza habari za msichana aliyekatwa mkono kwa sababu ya kuoza. Bandeji zilifungwa kwa namna ambayo msichana hakujua kwamba mkono umeondolewa, naye akawa analalamika mara kidole hiki kinauma, mara kile. Descartes akahitimisha kuwa maumivu ya mkono hayahisiwi mkononi. Yanahisiwa ndani ya ubongo.

Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 200 baadaye, aliyesema anauhisi mkono uliokwisha kuzikwa aliweza kuonekana ana wazimu. Kutoka hapo hadi leo, historia ya jambo hili ni historia ya wagonjwa waliosema kweli mapema, na ya sayansi iliyozunguka njia ndefu kabla ya kuwaamini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliacha maelfu ya askari bila mikono au miguu. Silas Weir Mitchell, daktari wa mishipa ya fahamu mjini Philadelphia, aliwatibu wengi wao na kuwasikiliza. Lakini hata yeye hakuthubutu kuanzia kwenye jarida la kitabibu. Mwaka 1866 alichapisha hadithi ya kubuni katika jarida la Atlantic Monthly, bila kuweka jina lake, kuhusu askari George Dedlow aliyepoteza mikono yote miwili na miguu yote miwili. Wasomaji waliiamini kiasi kwamba baadhi yao walituma michango kwa ajili ya Dedlow, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Miaka mitano baadaye Mitchell aliandika waziwazi, akaipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita kiungo mzuka. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 alieleza kuwa kati ya watu 90 aliowachunguza, 86 walikuwa nayo. Waliokuwa wachache mno, basi, ni wale wasiohisi kitu.

Maelezo ya kwa nini hali hii hutokea yalingoja ramani. Katika miaka ya 1930, mpasuaji Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alikuwa akiwapasua watu wenye kifafa wakiwa macho, kwa kutia ganzi ngozi ya kichwa tu, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kabla ya kukata, aligusa sehemu mbalimbali za ubongo kwa umeme hafifu na kumwuliza mgonjwa anahisi nini. Mmoja alihisi kidole, mwingine mdomo, mwingine ulimi. Mwaka 1937, pamoja na Edwin Boldrey, Penfield alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mwili mzima umepangwa juu ya gamba la ubongo. Viganja na midomo vina eneo kubwa kupita kiasi, kwa kuwa vinahisi zaidi. Na eneo la mkono limepakana na eneo la uso.

Ujirani huo ndio uliozaa nadharia iliyotawala kwa miongo mitatu. Madaktari walikuwa wamefundishwa kwamba ramani hii ikishakamilika utotoni haibadiliki. Mwaka 1984, Michael Merzenich na wenzake huko California waliwakata tumbili kidole kimoja au viwili, wakapima ubongo wao baada ya miezi kadhaa. Eneo la kidole kilichokatwa lilikuwa limeanza kuitikia vidole vya jirani. Mabadiliko hayo yalikuwa ya milimita moja au mbili tu, lakini yalitosha kuitikisa imani ya zamani.

Kilichofuata kilitokana na kesi iliyoigawa jamii ya Marekani. Huko Silver Spring, jimbo la Maryland, mtafiti Edward Taub alikuwa amewakata tumbili mishipa inayopeleka hisia za mkono kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1981 mwanaharakati wa haki za wanyama aliyejipenyeza maabara humo alitoa habari za hali mbaya ya wanyama hao, polisi wakawachukua tumbili 17, na Taub akafikishwa mahakamani. Hukumu dhidi yake ilitenguliwa baadaye, lakini mvutano kuhusu hatima ya tumbili ulidumu miaka mingi. Ilipofikia wakati wa kuwaua waliokuwa wamedhoofika, watafiti waliruhusiwa kuwapima ubongo kwanza, wakiwa wamelazwa kwa dawa. Miaka 12 hivi ilikuwa imepita tangu mishipa ikatwe. Tim Pons na wenzake walitarajia kukuta eneo la mkono likiwa kimya. Badala yake, walipogusa uso wa tumbili, eneo lote la mkono liliitikia. Mabadiliko yalizidi sentimita moja. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1991.

Huko San Diego, mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran aliyasoma matokeo hayo, akatafuta watu waliokatwa mkono. Alimfunga macho kijana mmoja aliyepoteza mkono kwa ajali ya gari, akampapasa shavu kwa kijiti cha pamba. Kijana alisema anaguswa shavuni na, wakati huohuo, kwenye kidole gumba cha mkono usiokuwepo. Kipande kwa kipande, mkono mzima ulipatikana usoni. Maelezo yakaonekana kukamilika: mkono ukiondoka, eneo lake katika ubongo huwa kama nyumba iliyohamwa, na jirani, yaani uso, huingia na kuimiliki. Mwaka 1995 Herta Flor wa Ujerumani na wenzake waliwapima watu 13 waliokatwa mkono, wakaona kwamba kadiri eneo la mdomo lilivyosogea kuelekea eneo la mkono, ndivyo maumivu yalivyokuwa makali.

Katika kazi hiyo ya Ramachandran kukazaliwa pia tiba. Baadhi ya wagonjwa walimweleza Ramachandran kuwa mkono mzuka wao umekunja ngumi, kucha zikichoma kiganja, na hawawezi kuufungua. Akasimamisha kioo ndani ya sanduku, mgonjwa akatia mkono mzima upande mmoja na kutazama taswira yake, kana kwamba mikono yote miwili ipo. Walipoufungua mkono mzima, baadhi yao walihisi na ule mwingine umefunguka. Mwaka 2007 Jack Tsao na wenzake, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, walijaribu njia hiyo kwa watu waliokatwa mguu. Kati ya 18 waliomaliza jaribio, sita walitumia kioo, na baada ya wiki nne wote sita maumivu yao yalikuwa yamepungua. Hilo ni kundi dogo, na kioo hakimsaidii kila mtu, lakini ni tiba ya bei ya kioo.

Nadharia ya jirani mvamizi iliingia katika vitabu vya kiada. Kilichosahaulika ni swali jepesi: ikiwa eneo la mkono limekwisha kutwaliwa, mgonjwa anauhisi vipi mkono wenyewe, kidole kwa kidole, baada ya miaka 20 au 30? Mwaka 2013 Tamar Makin na wenzake, huko Oxford, waliwaomba watu waliokatwa mkono wajaribu kuvisogeza vidole vyao mzuka wakiwa ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo. Eneo la mkono liliwaka. Tena, kwa wenye maumivu makali zaidi, liliwaka zaidi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja Agosti 2025, katika jarida la Nature Neuroscience. Hunter Schone, Makin, Chris Baker na wenzao waliwafuatilia watu watatu waliokuwa wakijiandaa kukatwa mkono kwa sababu za kitabibu. Walipiga picha za ubongo wao kabla ya upasuaji, baada ya miezi mitatu, baada ya miezi sita, na kwa mmoja wao baada ya miaka mitano. Ramani ya vidole ilibaki vilevile. Programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa picha za kabla ya kukatwa iliweza kutambua, baada ya kukatwa, ni kidole kipi mgonjwa anajaribu kukisogeza. Mdomo haukuwa umevamia chochote. Mwenye nyumba hakuhama kamwe.

Kwa nini wataalamu walikosea muda mrefu hivyo? Makin na wenzake wanaeleza kwamba vipimo vingi vya zamani viliuliza tu ni kiungo gani kinaitikiwa kwa nguvu zaidi mahali fulani. Mkono usipoguswa kwa kuwa haupo, uso hushinda kwa kukosa mshindani. Watafiti wa vipimo hivyo vya zamani hawakuwa wamewaomba wagonjwa wajaribu kuutumia mkono. Hii haina maana kwamba ubongo haujifunzi: mazoezi ya Taub ya kumlazimisha mgonjwa kutumia mkono dhaifu yamewasaidia wengi waliopatwa na kiharusi. Bali ina maana kwamba aliyepoteza mkono bado anao ubongoni, na madaktari wanaweza kuujenga upya juu ya msingi huo. Huko Chicago, daktari Todd Kuiken alihamishia mishipa ya mkono kwenye misuli ya kifua cha fundi umeme aliyepoteza mikono yote miwili. Fundi huyo akaweza kuendesha mkono bandia kwa kuwaza tu kusogeza mkono, na alipoguswa kifuani alihisi ameguswa kiganjani.

Kwa hiyo, ukiwa na ndugu, jirani au mgonjwa aliyekatwa kiungo, naye akakuambia vidole vyake vinamuuma au vinamwasha, usimcheke, wala usimwambie amerogwa au amechanganyikiwa. Mwulize maumivu yakoje, mpeleke hospitali, na umwambie daktari hayohayo aliyokuambia. Maumivu yake ni ya kweli, na mkono anaouzungumzia upo ubongoni mwake.