Gari Rahisi na Gari Ghali: Historia ya Petroli, Dizeli na Haibridi



Weka daftari na kalamu karibu nawe, maana leo historia itatutaka tupige hesabu pia.

Mtu anapotaka kununua gari, swali lake la kwanza ni: "Bei gani?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Gari lina gharama tatu. Ya kwanza ni fedha unazolipa siku ya kulinunua. Ya pili ni fedha unazolipa baadaye siku hadi siku: mafuta, spea na fundi. Ya tatu hailipwi dukani wala gereji. Hulipwa na wale wanaovuta moshi wa gari hilo, hata kama wao wenyewe hawana gari. Tukiifuata historia ya injini tatu, yaani ya petroli, ya dizeli na ya haibridi, tutaona kwamba watu walipotazama gharama moja na kuzisahau nyingine, walipata hasara.

Injini ya petroli

Mwaka 1886 huko Ujerumani, fundi mmoja jina lake Karl Benz alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Uvumbuzi huo ulikuwa gari la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa injini ya petroli. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, mkewe Bertha Benz alilichukua gari hilo pamoja na wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 hivi. Njiani mafuta yakapungua. Vituo vya mafuta havikuwapo, basi akaingia katika duka la dawa mjini Wiesloch akanunua mafuta mepesi yaliyouzwa kwa ajili ya kuondolea madoa katika nguo. Angalia jambo hili: tangu mwanzo kabisa, gari lilidai fedha njiani.

Baadaye, huko Marekani, Henry Ford aliishughulikia gharama ya kwanza. Mwaka 1908 gari lake liitwalo Model T liliuzwa kwa dola 850 hivi. Kisha akaweka kazi kwa mstari: gari husogea, na kila mfanyakazi hufunga kipande chake tu. Ilipofika mwaka 1925, Model T ya bei ya chini iliuzwa kwa dola 260. Watu wa kawaida wakaweza kununua motokaa, na petroli ikashinda.

Lakini gharama ya tatu ilikuwa imejificha. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mtaalamu wa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini isigonge. Risasi tunayoitaja hapa ni ile madini nzito, nayo ni sumu. Ilitoka pamoja na moshi, ikaingia katika damu za watu, na wenye kudhurika zaidi ni watoto, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Hata hivyo petroli hiyo iliuzwa kwa miaka mingi. Katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Mwenye gari alilipa bei iliyoandikwa kituoni, na mtoto aliyecheza kando ya barabara akalipa ile isiyoandikwa.

Injini ya dizeli

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Alipokuwa mhandisi alisikitika kuona mashine za mvuke zikipoteza kama sehemu tisa katika kumi za joto la makaa. Akataka injini itakayopoteza kidogo zaidi. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilipimwa, ikaonekana kuwa inageuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi. Kwa wakati ule hilo lilikuwa ajabu kubwa.

Ukitaka kuifahamu injini hiyo, chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara nyingi. Pampu itapata moto, kwa sababu hewa ikikandamizwa hupata joto. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi ya namna hiyo. Huikandamiza hewa mpaka iwe moto sana, ndipo nozeli hupuliza mafuta ndani, nayo huwaka yenyewe. Kwa njia hiyo mafuta hutumika kidogo. Lakini chuma chake sharti kiwe kizito na imara ili kistahimili nguvu hiyo, na pampu na nozeli zake ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Kwa hiyo gari la dizeli huwa ghali zaidi siku ya kununua, na rahisi zaidi kwa mafuta.

Mwaka 1936 kampuni ya Mercedes-Benz ilileta motokaa ya dizeli iitwayo 260 D. Wenye taksi nchini Ujerumani waliipenda. Je, kwa nini wao hasa? Tutalijibu swali hilo katika hesabu yetu.

Mwezi wa Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati. Pipa moja la mafuta lililokuwa likiuzwa kwa dola 3 hivi lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilikataza magari barabarani siku kadhaa za Jumapili. Watu wakakumbuka dizeli. Kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa injini ya dizeli mwaka 1978, lakini haikuwa imara ya kutosha. Boliti za kichwa cha injini zilishindwa na nguvu ya ndani, na maji yaliyochanganyika na mafuta yaliharibu pampu. Injini hiyo iliachwa mwaka 1985. Wanunuzi waliokimbia gharama ya mafuta waliikuta gharama ya fundi ikiwangoja.

Huko Ulaya dizeli iliendelea kupendwa, hasa kwa kuwa serikali nyingi ziliitoza kodi ndogo kuliko petroli. Kufikia mwaka 2011, zaidi ya nusu ya motokaa mpya za Ulaya Magharibi zilikuwa za dizeli. Lakini mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Na mwezi wa Septemba 2015 ikafichuka nchini Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen imetia katika magari yake programu ya udanganyifu. Gari likipimwa, moshi ulikuwa na sumu kidogo. Likirudi barabarani, sumu ilizidi sana. Magari yenye programu hiyo yalikuwa kama milioni 11 duniani.

Injini ya haibridi

Gari la haibridi lina injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Watu wengi hudhani ni uvumbuzi wa juzi, lakini mwanzoni mwa karne ya 20, huko Vienna, Ferdinand Porsche alikwisha kutengeneza gari la namna hiyo. Lilikuwa zito na ghali, likasahauliwa.

Mwezi wa Desemba 1997 kampuni ya Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani. Ujuzi wake ni huu: dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa mashine ya kufua umeme, na nguvu ambayo ingepotea bure huingia katika betri. Gari likisimama katika foleni, injini ya petroli huzimika. Kwa sababu hiyo haibridi huokoa mafuta mengi mjini, penye kusimama na kuondoka. Katika barabara ndefu iliyonyooka breki hazikanyagwi mara nyingi, basi faida hupungua. Na betri nayo huzeeka.

Hesabu ya darasa

Sasa shika kalamu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme lita moja ya mafuta ni shilingi 3,000. Kwa kila kilomita 100, gari la petroli hutumia lita 8, la dizeli lita 6, na la haibridi lita 5. Gari la dizeli limezidi lile la petroli kwa bei ya shilingi 3,000,000, na la haibridi limelizidi kwa shilingi 3,600,000.

Mwalimu huenda kilomita 10,000 kwa mwaka. Petroli itamgharimu shilingi 2,400,000, dizeli 1,800,000, na haibridi 1,500,000. Dizeli humwokolea shilingi 600,000 kwa mwaka, kwa hiyo ile ziada ya bei itarudi baada ya miaka 5. Haibridi humwokolea shilingi 900,000, na ziada yake itarudi baada ya miaka 4. Lakini kama betri itakufa na mpya ikiwa ni shilingi 2,700,000, akiba ya miaka 3 imekwenda.

Mwenye taksi huenda kilomita 50,000 kwa mwaka. Kwake dizeli hurudisha ziada kwa mwaka 1, na haibridi kwa muda usiotimiza miezi 10. Sasa wajua kwa nini wenye taksi wa Ujerumani waliipenda dizeli. Magari ni yale yale. Kilichobadilika ni mwendo.

Yafaa kukumbuka hayo hapa kwetu. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, na magari mengi yaliyokwisha kutumika hununuliwa huko. Ukikuta haibridi kwa bei ya kuvutia, uliza umri wa betri, na mtake fundi aipime kabla hujalipa. Ukikuta dizeli, uliza habari za nozeli na pampu, na utazame moshi wake injini inapokazwa. Ukikuta petroli, uliza inakula lita ngapi. Kisha andika yote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja gharama tatu za gari. Ni ipi husahauliwa upesi, na kwa nini?
2. Kwa tarakimu za mfano wetu, mtu aendaye kilomita 20,000 kwa mwaka atarudishiwa ziada ya dizeli baada ya muda gani? Na ziada ya haibridi?
3. Kikundi cha watu kumi kimechanga fedha za gari la kupeleka mazao sokoni, mbali na mjini. Kishaurini kinunue gari la injini gani, na mtoe sababu.

Kwaheri mpaka somo lijalo.